Mdogo Wangu Anasoma Breki

Ukikaa kimbwetani hukosi kusikia mtu akisema VETA ni ya waliokosa pa kwenda. Sisi wa ualimu hasa tuiache kauli hiyo mapema. Kuanzia 2024 shule za sekondari zimeanza kupokea wanafunzi wa mkondo wa amali, na baadhi yetu tutapangiwa huko huko. Kwa hiyo acha niwaeleze siku ya mdogo wangu, anayesoma ufundi wa magari, ngazi ya kwanza kati ya tatu.

Siku inaanzia karakana, si darasani. Saa moja na nusu ovaroli mwilini, buti miguuni, spana zinahesabiwa. Wiki niliyomtembelea walikuwa kwenye breki. Gari linanyanyuliwa kwa jeki, lakini hakuna anayeingia chini mpaka liwekewe stendi, maana jeki ya mafuta sili ikivuja inashuka bila kupiga hodi. Tairi zinatolewa, pedi zinakaguliwa, disiki inapimwa unene kwa maikromita na kulinganishwa na kipimo cha chini cha mtengenezaji. Zile desimali tulizozikimbia O-level ziko hapa, zimepakwa grisi.

Kazi niliyoipenda ni kutoa upepo. Ukikanyaga breki, mguu unasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pistoni, kwa kuwa kimiminika hakibinyiki kirahisi. Hewa inabinyika. Kiputo kikiingia kwenye paipu, unakuwa unabinya hewa badala ya kusimamisha gari, na pedeli inakuwa laini kama sponji. Basi mmoja anakanyaga na kushikilia, mwenzake kwenye gurudumu analegeza skrubu ya kutolea hewa, mafuta na mapovu yanatoka, anakaza, ndipo anamwambia mwenzake, "Achia." Akiachia kabla, hewa inarudi ndani. Wanapeana maneno mawili tu, "kanyaga" na "achia", asubuhi nzima, na hakuna anayeweza kumfanyia mwenzake desa.

Mchana ni darasa: hesabu, uchoraji, sayansi ya ufundi, Kiingereza. Siku hiyo swali lilikuwa kwa nini mafuta ya breki yanabadilishwa hata kama hayajapungua. Ni kwamba yanafyonza unyevu wa hewani. Kwa mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya, kiwango cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishafyonza maji, kiwango hicho ni 140. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, maji yanageuka mvuke, na mvuke nao unabinyika. Mnaopita Kitonga na basi la usiku mnanielewa.

Lakini kilichonigusa zaidi kama mwalimu mtarajiwa ni tathmini. Hakuna kupata 62 kwenye breki. Ama umeweza ama bado, na "bado" maana yake unarudia. Sisi tunamsoma John Dewey na kujifunza kwa kutenda tukiwa ukumbini mamia, tunaandika notsi, tunajibu UE, tunafaulu. Halafu mtu huyo huyo apewe darasa la amali lenye watoto arobaini na gari moja!

Ratiba ya TP bado haijatoka. Viongozi wetu wa kitivo waombe angalau siku mbili za kukaa karakana kabla ya kwenda, hata kama ni kushika tochi tu. Ovaroli tutaazima.