Fahamu hatari ya gesi ya hewa ukaa kwenye matangi ya samaki yenye mimea

Tangi la kioo lenye samaki na mimea ya kijani linapendeza sebuleni, dukani au mapokezi ya gesti. Ili mimea ile ikue haraka, baadhi ya wafugaji huweka mtungi wa hewa ukaa, gesi ileile inayotoa mapovu kwenye soda. Inaingia majini kidogo kidogo kupitia mrija, mimea inaitumia kutengeneza chakula chake.

Tatizo ni kwamba gesi hiyo ikizidi, samaki wanakufa usiku mmoja. Na mtungi ukivuja chumba kikiwa kimefungwa, hata mwenye nyumba yuko hatarini. Kwa wakazi wa Kilwa, Lindi na pwani nzima ya kusini, joto, maji ya chokaa na umeme wa kukatika vinaongeza hatari hiyo.

Kwa nini samaki hufa alfajiri?

Mchana kukiwa na mwanga, mmea hula hewa ukaa na kutoa oksijeni. Taa ikizimwa mambo yanageuka: mmea nao unavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa, kama samaki. Mtungi ukiachwa wazi usiku kucha, gesi inarundikana bila wa kuitumia.

Maji yaliyokaa wazi huwa na hewa ukaa chini ya miligramu 1 kwa lita. Wenye matangi ya mimea hupandisha hadi kama miligramu 30. Juu ya hapo samaki wengi huanza kutaabika.

Gesi ikijaa kwenye maji, samaki anashindwa kuitoa ile iliyo kwenye damu yake. Damu inakuwa na asidi na uwezo wake wa kubeba oksijeni unashuka. Ndiyo maana samaki anaweza kukosa pumzi hata kama oksijeni ipo majini. Utamwona amepanda juu, mdomo wazi, matamvua yanapiga haraka haraka. Akiachwa hivyo, asubuhi anakutwa anaelea ubavu.

Joto la pwani na mtungi

Ndani ya mtungi, hewa ukaa huwa katika hali ya kimiminika. Kwenye nyuzi joto 20, shinikizo lake ni kama bar 57, mara nyingi zaidi ya tairi la gari. Ikifika nyuzi 31, kimiminika hicho hakiwezi kubaki kimiminika tena. Kuanzia hapo shinikizo hupanda kwa kasi, hasa mtungi ukiwa umejazwa kupita kiasi.

Sasa nyuzi 31 kwa Kilwa Masoko au Lindi mjini si jambo la ajabu. Chumba chenye bati bila dari, au buti ya gari lililoegeshwa juani, hupita hapo kirahisi. Mtungi salama una kizibo kinachopasuka ili kuachia gesi kabla chuma chenyewe hakijapasuka. Lakini kizibo kikipasuka, gesi yote inamwagika chumbani kwa mpigo.

Binadamu naye yumo

Mtungi wa kilo 2 ukimwagika wote hutoa zaidi ya lita 1,000 za gesi. Kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 3, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, hiyo ni karibu asilimia 4 ya hewa yote. Hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 tu. Kiwango cha asilimia 4 kinahesabiwa kuwa hatari kwa uhai, na kikifika asilimia 10 mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache.

Mbaya zaidi, gesi hii haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu. Inatanda chini kwanza. Anayelala kwenye godoro sakafuni, mtoto anayetambaa na paka chini ya meza ndio wa kwanza kuathirika.

Watu wa Goma, mashariki mwa Congo, wanaijua vizuri. Kule hewa ukaa hutoka ardhini kwenye maeneo ya volkano na kujaa mabondeni. Wanaiita mazuku, na imewahi kuua watu na mifugo. Huko Cameroon, tarehe 21 Agosti 1986, gesi hiyohiyo ilifumuka kutoka Ziwa Nyos na kuua watu zaidi ya 1,700 kwa usiku mmoja. Mtungi wa nyumbani ni mdogo sana ukilinganisha na ziwa, lakini namna gesi inavyoua ni ileile.

Hamira na sukari

Wapo wanaokwepa gharama ya mtungi kwa kuchanganya sukari, hamira na maji kwenye chupa ya plastiki. Inafanya kazi, lakini haina breki. Gramu 100 za sukari zikichachuka zote hutoa kama lita 28 za gesi, na joto likipanda zinachachuka haraka zaidi.

Mrija ukiziba, chupa inapasuka. Aliyewahi kufunga tembo la mnazi kwenye chupa na kukaza kizibo anajua kinachofuata. Usitumie chupa ya kioo kamwe. Weka pia chupa ya pili tupu katikati, ili povu la hamira lisiingie kwenye tangi.

Umeme ukikatika

Kuna vali ya umeme inayojifunga yenyewe umeme ukikatika. Hiyo ndiyo salama. Kama mtungi una vali ya mkono tu, umeme ukikatika taa na pampu ya hewa vinazima, lakini gesi inaendelea kuingia.

Saa ya plagi ya kuzungusha nayo ina mtego wake. Umeme ukikatika saa tatu, inabaki nyuma saa tatu. Iliyopangwa kufunga gesi saa 12 jioni itaifunga saa 3 usiku, wakati taa inayozimwa kwa mkono imeshazimwa zamani.

Maji ya chokaa yanadanganya

Ardhi ya pwani hii ina mawe mengi ya matumbawe na chokaa, hivyo maji ya visima vingi ni magumu. Wengi hupima asidi ya maji (pH) tu, wakiona 7 wanaridhika. Kumbe kwenye maji yenye chokaa nyingi, pH ya 7.1 inaweza kuficha hewa ukaa ya karibu miligramu 30 kwa lita. Ni lazima upime na ugumu wa maji.

Njia rahisi ni kichupa cha rangi kinachokaa ndani ya tangi: buluu gesi ni kidogo, kijani inatosha, njano imezidi. Ila huchelewa kama saa mbili kubadilika, kwa hiyo macho yako kwa samaki ndiyo kipimo cha kwanza.

Hata kwenye bwawa

Wafugaji wa mwatiko na perege hawatumii mitungi, lakini jambo hili linawahusu. Bwawa lililogeuka kijani kwa mwani hufanya kama tangi la mimea: mchana oksijeni tele, alfajiri hewa ukaa juu na oksijeni chini. Maji ya moto nayo hubeba oksijeni kidogo. Ukiona samaki wanahema juu saa 11 alfajiri, punguza chakula na ongeza maji mapya.

Ya kufanya

- Funga gesi saa moja kabla ya kuzima taa.
- Washa pampu ya hewa usiku.
- Simamisha mtungi wima, ufunge usianguke, mbali na jua na jiko.
- Usiweke mtungi chumba cha kulala.
- Ongeza gesi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ukiwa nyumbani.
- Samaki wakihema juu: funga gesi, tibua maji, badilisha sehemu ya maji kwa maji yasiyo na klorini.
- Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu au pumzi inakwenda mbio chumbani, toka nje kwanza, acha mlango wazi.
- Ukikuta mtu ameanguka ndani, usikimbilie kuingia. Fungua milango na madirisha kutokea nje, kisha piga Zimamoto na Uokoaji namba 114.