NAND: Geti Bishi Linalojenga Kompyuta

Chipu ya 7400 ni kijidude cheusi cha plastiki chenye urefu wa karibu sentimita mbili na miguu 14, saba kila upande. Ndani yake mna mageti manne ya aina moja, iitwayo NAND. Kila geti lina maingizo mawili na tokeo moja, na tabia yake inaelezeka kwa pumzi moja: maingizo yote mawili yakiwa moja, hutoa sifuri, hata ingizo moja tu likiwa sifuri, hutoa moja. Ni geti bishi. Wote wakikubali, lenyewe linakataa.

Je, wajua kwamba ubishi huo peke yake, ukirudiwa mara za kutosha, unaweza kuunda kompyuta nzima?

Tuanze na hiyo moja na hiyo sifuri. Ndani ya saketi hakuna namba, kuna volti. Chipu ya 7400 hulishwa volti 5. Ingizo likiwa chini ya volti 0.8 husomwa kuwa sifuri. Likifika volti 2 au zaidi husomwa kuwa moja. Lakini geti linapotoa jibu hujibana zaidi: sifuri yake haizidi volti 0.4, na moja yake haipungui volti 2.4. Kwa hiyo kila upande kuna akiba ya volti 0.4. Kelele ya umeme ikivamia waya njiani, geti linalofuata bado litasoma sawasawa, kisha litoe jibu jipya lililo safi. Sauti ya kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, nayo ikanakiliwa tena, huishia kuwa mkwaruzo. Ishara ya kidijitali hupita mageti elfu na kufika kama ilivyoondoka.

Sasa tujenge. Unganisha maingizo mawili ya NAND yawe waya mmoja. Ukitia moja utapata sifuri, ukitia sifuri utapata moja: hilo ni geti la NOT, yaani kigeuzi. Weka kigeuzi hicho baada ya NAND nyingine, nawe una AND, geti linalotoa moja pale tu maingizo yote yanapokuwa moja. Ukitaka OR, linaloridhika na moja kutoka upande wowote, geuza kila ingizo kwanza, kisha yapeleke yote mawili kwenye NAND. Mageti matatu yanatosha.

Taa ya ngazini yenye swichi moja chini na nyingine juu hufuata kanuni nyingine, XOR: swichi zikitofautiana inawaka, zikifanana inazimika. Hiyo nayo huundwa kwa NAND nne. Geti la kwanza hupokea A na B. La pili hupokea A pamoja na jibu la kwanza. La tatu hupokea B pamoja na jibu hilohilo. La nne hukusanya majibu ya la pili na la tatu. Chipu moja ya 7400 imekwisha, hakuna geti lililobaki.

Ongeza geti la tano na saketi itaanza kufanya hesabu. Katika mfumo wa namba mbili, 1 na 1 ni 10: andika sifuri, beba moja. Ile sifuri ya kuandika ni kazi ya XOR. Ile moja ya kubeba ni kazi ya AND, na nusu ya AND hiyo tunayo tayari, kwa kuwa geti la kwanza la XOR limeshafanya NAND ya A na B. Ligeuze jibu lake kwa geti la tano, basi. Kikokotoo hufanya hivyohivyo kwa tarakimu nyingi.

Wazo hili ni kongwe kuliko chipu yenyewe. Mwaka 1854 George Boole, Mwingereza aliyejisomea hesabu mwenyewe na kuwa profesa huko Cork, Ireland, alichapisha kitabu kilichoigeuza mantiki kuwa aljebra ya ndiyo na hapana. Mwaka 1880 Mmarekani Charles Sanders Peirce aligundua kwamba tendo moja la mantiki linatosha kuzaa mengine yote, lakini hakulichapisha. Henry Sheffer alilithibitisha upya mwaka 1913. Hiyo ilikuwa bado falsafa ya karatasini. Mwaka 1937 Claude Shannon, mwanafunzi wa MIT mwenye umri wa miaka 21, alionyesha katika tasnifu yake kwamba swichi za umeme zinaweza kuitekeleza aljebra ya Boole. Jack Kilby wa Texas Instruments aliunda saketi ya kwanza ya chipu mwaka 1958, na kampuni hiyohiyo ikaileta familia ya 7400 sokoni katikati ya miaka ya 1960.

Wahandisi waliipokea kwa mikono miwili. Pong, mchezo wa Atari wa mwaka 1972, haukuwa na prosesa wala programu hata mstari mmoja. Mpira na vigonga vyake vilitoka kwenye chipu za mantiki zilizounganishwa kwa waya. Kompyuta iliyowaongoza wanaanga wa Apollo hadi mwezini ilitumia ndugu wa NAND aitwaye NOR, ambaye naye anajitosheleza: toleo la pili la kompyuta hiyo lilikuwa na chipu karibu 2,800, nyingi zikiwa za aina moja, inayobeba mageti mawili.

Lakini kuhesabu bila kukumbuka hakufiki mbali, na hapa ndipo NAND inapofanya maajabu yake. Chukua mageti mawili. Tokeo la kila moja lirudishe kwenye ingizo la mwenzake, na ingizo linalobaki kwa kila geti lishike kwenye moja. Sasa shusha ingizo la geti la kwanza hadi sifuri kwa kitambo kifupi. Geti hilo linatoa moja. La pili, likiona moja pande zote, linatoa sifuri. Sifuri hiyo inarudi kwa la kwanza na kulizuia lisibadilike. Rudisha ingizo lilivyokuwa, jibu linabaki palepale. Saketi imekumbuka biti moja, yaani moja au sifuri, na itaikumbuka hadi ulishushe ingizo la upande wa pili au ukate umeme.

Anayetaka kujaribu atafute 74HC00, toleo la siku hizi linalofanya kazi kuanzia volti 2 hadi 6, hivyo betri tatu ndogo za volti 1.5 zinaliendesha. Weka chipu miguu ikitazama chini na ncha yake yenye kibonyo ikielekea mbali nawe: mguu wa 1 uko juu kushoto, na hesabu hushuka upande huo na kupanda upande wa kulia. Chanya huingia mguu wa 14, hasi mguu wa 7. Tokeo liwashe taa ya LED kupitia rezista ya ohmu 1,000. Miguu ya kuingilia usiyoitumia iunge kwenye chanya au hasi, kwa sababu ingizo linaloning'inia hudaka kelele na kutoa majibu ya ovyo.

Ukimaliza XOR kwa chipu moja, jiongezee mtihani: kijumlishi kamili, kinachopokea pia ile moja iliyobebwa kutoka tarakimu iliyotangulia. Kinahitaji NAND tisa, yaani chipu tatu. Andika kwanza jedwali la ukweli, yaani kila mchanganyiko wa maingizo na majibu yake, lenye mistari minane, ndipo ushike waya.