Unataka Kupiga Picha za Mechi na Doh ni Kidogo? Wacha Megapikseli, Anza na Lenzi

Jumapili jioni, uko Umeme Grounds pale Ziwani, Koth Biro imeshika moto na watu wamejaa hadi kwa laini. Winga anakata ndani, anaachilia kombora, neti inalia. Wewe uko nyuma ya goli na kamera, kidole kilikuwa kwa kitufe. Unacheki skrini. Picha ya kwanza, jamaa bado anaburuta mpira. Ya pili, ako kwa kona anarushwa juu na mabeshte. Goli lenyewe haliko. Na hata hiyo ya pili, mwenye ametoka fiti ni mama wa njugu mwenye ako mita ishirini nyuma yao.

Najua hivyo inauma juu mimi imenipata. 2019 nilichukua thao arobaini na tano zenye zilifaa kuwa fee ya semista (mathe hajawahi soma hii saiti, na naomba asianze leo), nikaingia duka moja tao. Jamaa wa duka akaniuliza nataka kupiga nini. Nikamwambia mechi. Akatoa Canon 2000D mpya kwa boksi, akaniambia, "Hii ni megapikseli 24, bro. Unataka nini ingine?" Nikatoka hapo nikitembea kama nimeshinda SportPesa.

Kazi ya kwanza ilikuwa fainali ya mtaa, timu iliahidi thao tatu. Nilipiga picha kama mia sita. Zenye zilieleweka zilikuwa kumi na moja, na nane kati ya hizo ni wasee wakikunywa maji hafutaimu. Kepteni alinitumia soo tano akaandika "ya fare". College niliacha hiyo semista, lakini hiyo ni stori ya siku ingine.

Kwa hivyo kama uko na ganji umeweka pembeni, ama chama ndio imekufikia wiki hii, soma hii kwanza kabla uingie duka.

Kupiga mtu akikimbia kunataka vitu vitatu, na kwa boksi hakuna hata kimoja kimeandikwa kwa herufi kubwa.

Cha kwanza ni mwanga. Ndio mguu wa mtu mwenye anapiga mpira ugande kwa picha, shata inafaa kufunguka na kufunga kwa sekunde 1/1000 hivi. Ukishuka 1/500 bado unaweza toboa. Chini ya hapo mguu unaanza kukaa moshi. Sasa, kwa huo muda mfupi mwanga wenye unaingia ni kidogo sana, na hapo ndio lenzi inakuja. Ile lenzi inakujanga kwa boksi, 18-55, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake linafunguka f/5.6 tu. (Hiyo namba ikiwa ndogo ndio tundu ni kubwa. Hata mimi ilinichanganya.) Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara 4 ya hiyo. Ya f/1.8 ni karibu mara 10.

Saa saba mchana, jua likiwaka, hiyo tofauti hautaijua. Lakini fainali za mtaa zinaishanga saa ngapi? Saa kumi na mbili, na huku karibu na ikweta jua halibembelezi mtu, likianza kushuka limeenda. Hapo kamera inakulazimisha upandishe ISO, na ISO ni kama kuongeza sauti kwa redio mbovu: utasikia, lakini na mikwaruzo yote. Ukikataa kupandisha, itabidi umepunguza spidi ya shata, na umerudi kwa moshi.

Cha pili ni fokasi, na hapa ndio nilichezwa kabisa. Kamera haioni picha nzima wakati inatafuta fokasi. Inaangalia kupitia vidoti fulani ndani ya fremu. Ile 2000D yangu ilikuwa na vidoti 9, na ni kimoja tu cha katikati kilikuwa cha aina ya msalaba, yaani chenye kinasoma mistari ya kulala na ya kusimama. Hivyo vingine vinasoma upande mmoja, vikipata jezi haina mistari poa vinaanza kutangatanga. Mchezaji akitoka katikati ya fremu, kamera inamwacha inashika chenye imeona nyuma. Mama wa njugu.

Sasa linganisha na Canon 7D, kamera ilitoka 2009. Vidoti 19, vyote ni vya msalaba. Kamera ya miaka kumi kabla ya hiyo yangu mpya ilikuwa inafuata mtu vizuri kuishinda! Sababu ni rahisi: 2000D ilitengenezwa kwa msee anataka kupiga bathdei na Mashujaa Day, 7D ilitengenezewa watu wa kazi.

Cha tatu ni picha ngapi kwa sekunde. Wacha tuweke na Omanyala ndio ieleweke. Ile 9.77 alikimbia Kasarani Septemba 2021, ukigawa ni zaidi ya mita 10 kwa kila sekunde. 2000D inapiga picha 3 kwa sekunde. Maanake kati ya picha moja na ingine, Omanyala ameruka zaidi ya mita tatu. Chenye kilifanyika hapo katikati, mguu ukigusa chini, uso ukikazwa, kifua kikiingia kwa laini, hauna. 7D inapiga 8 kwa sekunde, hapo ni mita moja na kitu kati ya picha. Mpira wa miguu sio mbio za mita mia, lakini hedi inaisha kwa muda mfupi hata kuliko hiyo.

Kuna kitu kinaitwa bafa pia, ile nafasi kamera inaweka picha kabla izipeleke kwa memori kadi. Ikijaa, kamera inagoma katikati ya shambulizi, unabonyeza na hakuna kitu. Dawa ya mtu hana doh ni kupiga JPEG badala ya RAW na kununua kadi yenye spidi. Wapuristi watakutukana kwa komenti. Wao si ndio wanalipa rent yako.

Sasa bodi gani? Habari njema ni kwamba Canon na Nikon zote zimehamia kamera mpya zile hazina kioo ndani, na mapro wengi wamezifuata. Kamera zao za zamani zinauzwa mtumba, na zile lenzi za zamani pia. Hapo ndio mlango wako.

Chini kabisa kuna hiyo 7D ya 2009. Ni nzito, megapikseli 18, na ukipitisha ISO 3200 picha inaanza kukaa kama imemwagiwa mchanga. Pia inatumia kadi za CompactFlash, zile nene, kwa hivyo panga na kisomaji chake, la sivyo utafika kwa saiba na wasee wakuangalie tu. Juu yake kidogo kuna 70D ya 2013, fokasi ni ya ukoo huo huo wa vidoti 19, picha 7 kwa sekunde, na inatumia SD ya kawaida. Kama nilikuwa naanza leo hiyo ndio ningetafuta. 7D Mark II ya 2014 ni levo ingine kabisa, vidoti 65 na picha 10 kwa sekunde. Ukiipata safi kwa bei yako, usibishane sana.

Upande wa Nikon, D7200 ya 2015 ni moto: vidoti 51, picha 6 kwa sekunde, na kwa giza inashinda hizo Canon za bei yake. Kaka yake D7100 bado iko sawa, ila bafa yake ni fupi na RAW itakutesa. Epuka tu kuruka kwa zile D3000 na D5000 kwa sababu ya bei, juu hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukizipatia lenzi kuukuu za Nikon zenye hazina mota yao, utakuwa unazungusha fokasi kwa mkono kama unatafuta stesheni. D500 ya 2016 ndio mfalme wa hiyo familia, lakini mfalme anataka kodi.

Na Sony a6000? Watu wataniuliza. Ilitoka 2014, inapiga picha 11 kwa sekunde, ni ndogo hadi inaingia kwa mfuko wa jaketi. Kamera yenyewe sina noma nayo. Shida ni lenzi ndefu zenye tundu kubwa za Sony, hizo zinakula pesa, na betri yake ni ndogo, panga kubeba mbili ama tatu.

Hesabu yenye nilichelewa kufanya ni hii: nusu ya ganji yako ama zaidi ni ya lenzi. Bodi utabadilisha, lenzi utakaa nayo. 2021, nikiwa nimeuza ile kit yangu kwa hasara, nilichukua 7D kwa msee wa harusi kwa thao ishirini na nane, halafu 85mm f/1.8 mtumba kwa thao ishirini na mbili. Jumla thao hamsini, karibu tu na ile ya kwanza. Kwa sababu sensa ya hizi kamera ni ndogo, 85mm kwa Canon inakaa kama 136mm, na hiyo kwa basketi, voliboli na ndondi ni saizi yake kabisa. Ndani ya ukumbi wenye taa mbili zimeungua, hiyo f/1.8 ndio inanilisha.

Kwa mpira wa miguu 85mm ni fupi, nakubali. Unakaa nyuma ya goli unangoja shambulizi lije upande wako, kipindi kingine unahama. Kama mechi zako ni za mchana, Canon 55-250 ya STM ni bei poa na inafika kama 400mm. Jioni itakuangusha juu huko mwisho ni f/5.6. Ile 70-200 ya f/2.8 unaona mapro nayo Nyayo, usinunue na pesa ya kuanza. Kodisha. Tao kuna watu wanakodisha kwa siku, wanakuitisha kitambulisho na depo. Client akilipa vizuri, weka bei ya kukodisha ndani ya bei yako.

Kitu kimoja chenye watu hawaambiwi: unaweza kuwa na kamera hizi zote na bado upate moshi kwa sababu ya setingi. Kamera nyingi zinakuja zikiwa kwa modi ya kushika fokasi mara moja na kulala hapo. Kwa mechi unataka ile inafuata mtu akisonga. Canon wanaiita AI Servo, Nikon na Sony wanaiita AF-C. Nimewahi kutana na jamaa Kasarani na 7D Mark II analia fokasi ni mbovu, tukaangalia, alikuwa One Shot miezi minne.

Mashabiki wa Safari Rally, nyinyi mko na bahati. Tangu irudi kwa WRC 2021, Naivasha inajaa kila mwaka, na hiyo ndio spoti inasamehe kamera ya bei ya chini. Gari linapita njia unaijua, na ni mchana. Kaa kando penye mamashali wamekubali, weka 1/125, fuata gari na mwili wako wote ukipiga. Gari linakaa safi, kichaka nyuma kinakuwa mistari, picha inaonekana ina spidi. Hata ile 2000D ilinipea moja ya hizo. Lakini vumbi ya Kedong ni ya kijeshi, usibadilishe lenzi huko hata ukilipwa.

Sasa siku ya kununua. Usilipe kwa picha za WhatsApp, patana na muuzaji mchana, mahali pa watu. Uliza hesabu ya shata, yaani imeshapiga picha ngapi. Nikon inaandika hiyo namba ndani ya kila picha, unapiga moja unaisoma kwa saiti za bure. Canon nyingi haziandiki kwa picha, utahitaji programu na kebo, kwa hivyo beba laptopu ama beshte mwenye ako nayo. 70D ilipimwa kwa shata 100,000, 7D na D7200 150,000, 7D Mark II 200,000. Ikipita haifi siku hiyo, lakini bei inafaa ishuke.

Lenzi, imulike na tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona kitu kama utando wa buibui ndani, hiyo ni kuvu, weka chini. Kama lenzi imekaa Coast miaka mingi, mulika mara mbili, unyevu wa huko ni noma. Namba ya siri iliyo chini ya bodi ilingane na ya risiti ama boksi, kamera za wizi ziko mob na ukishikwa nayo ni wewe utabonga na makarao.

Halafu mwambie mtoke nje kidogo kando ya barabara. Weka AI Servo ama AF-C, 1/1000, kupiga mfululizo, ungoje nganya ya Rongai ikuje ikikuelekea. Piga kumi zikifuatana, kisha uvute kila moja kwa skrini usome maandishi ya kioo cha mbele. Saba zikisomeka, toa simu ulipe. Mbili zikisomeka, mwambie asante, unarudi kesho.