Uji wa shule: Kabla ya harambee, pigeni hesabu ya kikombe

Kengele ya saa nne ikilia, watoto hukimbilia jikoni na vikombe mkononi. Lakini si wote. Wapo wanaobaki nyuma ya darasa, au wanaozunguka bombani kana kwamba wana kiu, kwa sababu majina yao hayamo kwenye orodha ya waliochangia uji.

Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila chai, akakaa hadi saa nane mchana bila kitu tumboni, husinzia, kichwa humuuma, na anachofundishwa hakikai. Ndiyo maana kila muhula unapoanza, vikao vya wazazi hurudi kwenye swali lilelile: fedha za uji zipatikane vipi?

Jibu la kwanza huwa harambee. Linaweza kuwa jibu zuri, lakini kamati nyingi huchagua njia kabla ya kujua zinatafuta kiasi gani.

Kikombe kimoja ni shilingi ngapi?

Chukua mfano wa shule yenye wanafunzi 400. Kila mtoto akipikiwa gramu 50 za unga, zinahitajika kilo 20 kwa siku. Kilo ikiwa Sh2,000, unga ni Sh40,000. Ongeza kilo nne za sukari kwa Sh12,000, kisha kuni, maji na ujira wa mpishi Sh8,000. Jumla ni Sh60,000 kwa siku, sawa na Sh150 kwa kikombe. Kwa siku 20 za masomo, shule inahitaji Sh1.2 milioni kwa mwezi.

Bei hutofautiana kati ya mahali na mahali, lakini kila kamati inaweza kupiga hesabu hii kwa bei za soko lake kabla ya kuitisha kikao.

Sasa iweke harambee kwenye mizani. Tuseme zimetangazwa Sh5 milioni, lakini taslimu ni Sh2 milioni na zilizobaki ni ahadi. Turubai, viti, muziki na chakula cha mgeni rasmi vimekula Sh1.4 milioni. Zinabaki Sh600,000, yaani uji wa siku 10. Makofi yalikuwa mengi, lakini wiki mbili baadaye sufuria ni tupu.

Harambee hufaa zaidi kwa kitu kinachojengwa mara moja kikadumu, kama jiko, tangi la maji au matundu ya vyoo. Uji ni gharama ya kila siku, hivyo unahitaji chanzo kinachorudi.

Nusu debe la mahindi

Kwa familia za wakulima, chanzo hicho kinaweza kuwa ghalani. Gramu 50 kwa siku 194 za masomo ni chini kidogo ya kilo 10 kwa mwaka. Hiyo ni kama nusu debe la mahindi kwa mtoto mmoja, yakisagwa dona. Yakikusanywa wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, mzigo huwa mwepesi kuliko kudaiwa fedha Januari, mwezi wa sare na madaftari.

Sharti ni moja: mahindi yawe yamekauka vizuri na yahifadhiwe juu ya chaga, si sakafuni. Unyevu huleta ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika.

Mjini, ambako wengi hawana shamba, kiasi kidogo cha kila mwezi kinacholipwa kwa simu hudumu kuliko mchango mkubwa wa mara moja. Waliosoma shuleni hapo zamani nao waombwe kulipia vikombe vya watoto wasio na uwezo, bila majina ya watoto hao kutajwa.

Njia ya kuepuka ni kuwauzia watoto soda na pipi ili kupata fedha za lishe. Fedha hutoka mifuko ileile ya wazazi, na meno ya watoto ndiyo hulipa tofauti.

Hiari ibaki hiari

Tangu Januari 2016, shule za umma hazitozi ada hadi kidato cha nne. Januari 2018, Rais John Magufuli alikataza walimu kushika michango, akaelekeza mzazi anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kamati ipate kwanza maelekezo ya halmashauri yake, kisha itoe stakabadhi kwa kila kinachopokelewa na kubandika mapato na matumizi ubaoni kila mwezi. Mzazi anayeona debe lake limekwenda wapi hutoa tena mwakani.

Na orodha ya waliochangia ikae ofisini. Jikoni ihesabiwe idadi ya watoto waliofika shuleni siku hiyo, na kila mmoja apate kikombe chake.