Kishikwambi cha Kawaida au cha Wino: Kikundi Kinunue Kipi?

Saa nne asubuhi, Kinango. Kikao cha kamati ya maji kimeanza chini ya mkwaju na katibu ametoa kishikwambi chake ili aandike kumbukumbu. Kivuli kinasogea. Baada ya nusu saa jua limekipiga kioo, na kinachoonekana humo ni uso wa katibu mwenyewe na matawi ya mti. Anajifunika leso pamoja na kifaa, anaongeza mwangaza hadi mwisho, na kabla ya ajenda ya tatu betri imebaki asilimia 20. Kumbukumbu zilizosalia zinaandikwa nyuma ya karatasi ya mahudhurio.

Mwenye kuchoshwa na adha kama hiyo akiulizia kifaa cha kuandikia juani, ataonyeshwa kingine kinachofanana na kishikwambi, au tableti kama wengi wanavyokiita, lakini chenye skrini ya wino wa kielektroniki. Kioo chake hakimetimeti. Kina rangi ya karatasi ya gazeti, na mtu akikiandikia kwa kalamu yake husikia mkwaruzo mdogo kama wa kalamu ya risasi. Bei yake mara nyingi ni maradufu ya tableti ya kawaida au zaidi. Pesa zinapotoka katika mfuko wa kikundi, ni lazima wanachama waulizane kabla ya kulipa: kitafanya kazi gani ambayo kile cha kawaida hakiwezi, na ni kazi gani kitashindwa nayo?

Kwa vikundi vingi, kifaa cha wino hakifai kuwa kifaa cha kwanza kununuliwa. Wapo hata hivyo watu ambao kitawafaa kuliko kingine chochote, na inafaa kuwajua.

Wino huo hufanyaje kazi

Tableti ya kawaida ina taa nyuma ya kioo. Ili mtu aone herufi, taa hiyo lazima iwake muda wote, nayo ikishindana na jua la mchana hushindwa. Ndiyo maana betri huisha haraka zaidi nje kuliko ndani ya nyumba.

Skrini ya wino wa kielektroniki haitegemei taa hiyo. Teknolojia yake inayojulikana zaidi ilitokana na utafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, na kampuni ya E Ink iliyoikuza ilianzishwa mwaka 1997. Ndani ya skrini mna vifuko vidogo sana, kila kimoja na upana unaokaribia wa unywele. Katika kila kifuko mna chembechembe nyeupe na nyeusi zinazoelea ndani ya kimiminiko. Nyeupe na nyeusi zina chaji zinazopingana. Umeme ukipitishwa, rangi moja huvutwa juu na nyingine hushuka chini, na hivyo herufi hujichora. Umeme ukikatwa, chembechembe hubaki pale zilipo. Ukurasa unaweza kukaa juu ya kioo usiku kucha bila kula betri, kwa kuwa umeme unahitajika tu pale ukurasa unapobadilika.

Kwa hiyo jua, ambalo ni adui wa tableti ya kawaida, hapa ndilo taa. Kadiri mwanga unavyozidi, ndivyo herufi zinavyosomeka. Na chaji moja inaweza kudumu siku kadhaa, pengine hata wiki mbili, kutegemea kiasi cha kuandika na kama intaneti imewashwa. Kwa mtu anayelipa ili kuchajiwa kifaa dukani, au anayetegemea sola ndogo ya nyumbani, hilo si jambo dogo.

Lakini mwendo wa chembechembe hizo ni wa polepole. Video hukatakata au haichezi kabisa. Ukurasa ukifunguliwa, skrini humweka mara moja, na wakati mwingine kivuli cha maandishi yaliyotangulia hubaki. Vifaa vingi ni vya rangi nyeusi na nyeupe tu, na vile vya rangi huonyesha rangi zilizofifia. Jambo hili humgusa mwananchi kwa namna ambayo huenda hakuitarajia: ramani ya mgawanyo wa viwanja ambamo kijani ni shamba na njano ni barabara hugeuka kijivu kitupu. Halikadhalika michoro ya rangi inayoonyesha kila idara imepata mgao gani wa bajeti.

Kazi ndiyo huamua

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30, nayo Karatasi ya Mkakati wa Fedha kufikia Februari 28. Nyaraka hizi ni ndefu, na mwananchi anayetaka kutoa maoni yenye uzito katika kikao cha ushirikishwaji wa umma hana budi kuzisoma, kupigia mstari na kuandika maswali pembeni. Hapa kifaa cha wino huonyesha ubora wake. Faili ya PDF hufunguliwa, msomaji huandika kwa mkono juu ya ukurasa wenyewe, na hakuna ujumbe wa WhatsApp unaoingia katikati ya jedwali la mradi wa kisima. Mwanafunzi wa chuo mwenye makala nyingi za kusoma, mwalimu anayesahihisha insha zilizotumwa kwa PDF, karani wa vikao, wakili, mtafsiri: hawa ndio wenye kifaa hiki. Skrini nyingi za aina hii zina inchi 10 hivi, ndogo kuliko karatasi ya A4, kwa hiyo majedwali yenye safu nyingi yatalazimu kukuza maandishi na kusogeza ukurasa huku na huku.

Upande wa pili kuna kazi ambazo kifaa hiki hakizigusi. Mhamasishaji wa afya ya jamii anayeandikisha kaya katika mfumo wa eCHIS anahitaji kifaa kinachopokea programu hiyo. Mwalimu anayejaza TPAD anahitaji kivinjari cha intaneti kinachofanya kazi bila kusuasua. Afisa wa kilimo anayepiga picha ya mahindi yaliyoshambuliwa na viwavijeshi na kuituma pamoja na mahali lilipo shamba anahitaji kamera na GPS. Mweka hazina anahitaji jedwali linalojumlisha michango lenyewe. Maombi ya kibali katika eCitizen, ushuru katika iTax, mkutano wa video na afisa aliye Kwale mjini: zote hizi ni kazi za tableti ya kawaida, au hata simu.

Kuna njia ya kati. Baadhi ya vifaa vya wino, kama vile vya Boox, vinatumia mfumo wa Android na hukubali kupakuliwa programu. Vingine, kama reMarkable kutoka Norway na Kindle Scribe wa Amazon, vimefungwa makusudi: ni vya kusoma na kuandika, basi. Anayenunua Boox akidhani amepata vifaa viwili kwa bei ya kimoja ajue kwamba programu hizo zitapita kwenye skrini ile ile ya polepole. Fomu itajazwa, lakini kwa subira.

Nayo tableti ya kawaida ina mtego wake. Si kila moja inaandikika kwa kalamu. Nyingi za bei nafuu hukubali tu kalamu ya ncha ya mpira, ambayo ni sawa na kuandika kwa kidole. Mwandiko hutoka mkubwa na mbaya, na kiganja kikigusa kioo huacha alama. Zinazokubali kalamu halisi ya kidijitali ni za ngazi ya juu kidogo, kwa mfano Samsung Galaxy Tab S6 Lite ambayo huuzwa pamoja na kalamu yake. Muuzaji akisema “kalamu inafanya kazi”, aombwe aonyeshe.

Hesabu ya pesa

Tableti ya kawaida ya Android ya kutosheleza kazi za kikundi hupatikana madukani bila kufika shilingi 30,000. Kifaa cha wino cha kuandikia cha inchi 10 huuzwa nje ya nchi kwa kati ya dola 350 na 600 za Marekani. Tuseme kikundi kimechagua cha dola 400. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni shilingi 51,600. VAT ya asilimia 16 ya kiasi hicho ni shilingi 8,256, jumla shilingi 59,856, na bado nauli ya mzigo na ada nyingine za forodha hazijaingia. Tena VAT hukokotolewa juu ya thamani pamoja na usafirishaji, kwa hiyo kiasi halisi kitapanda zaidi.

Kisha kuna gharama zinazojificha. Ncha ya kalamu katika vifaa vingi vya wino huisha kwa msuguano, nayo huagizwa. Kampuni nyingine hutoza ada ya kila mwezi kwa baadhi ya huduma za kuhifadhi maandishi mtandaoni. Na kioo kikivunjika? Skrini ya tableti inayojulikana hupata fundi Ukunda au Mombasa. Skrini ya wino ni nyepesi kuvunjika ikikaliwa au kubanwa ndani ya mkoba, na kupata ya kubadilisha ni kazi nyingine. Kasha gumu si pambo.

Isisahaulike pia kwamba daftari la jalada gumu hununuliwa kwa shilingi mia chache, halihitaji chaji, na simu yoyote yenye kamera inaweza kupiga picha kurasa zake kila baada ya kikao. Kwa kikundi chenye shilingi 30,000 tu, daftari hilo pamoja na tableti ya kawaida ndio ununuzi wa busara zaidi. Kumbukumbu huandikwa juani kwa wino wa kawaida, na hesabu hufanywa ndani ya nyumba kwenye tableti.

Daftari lina faida nyingine. Afisa wa mkopo au wa maendeleo ya jamii anapoomba kumbukumbu za kikao, huangalia sahihi za mwenyekiti na katibu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inakubali rekodi za kielektroniki mahakamani, lakini kwa masharti yake, ikiwemo cheti kinachoeleza jinsi rekodi hiyo ilivyotengenezwa. Kikundi kinachoandikia kwenye kifaa chochote kichapishe kumbukumbu baada ya kuthibitishwa, zitiwe sahihi, kisha zifungwe katika faili. Mgogoro wa ardhi ya kikundi au wa pesa za mzunguko ukizuka miaka mitano baadaye, kifaa huenda kimeshakufa.

Siri za watu

Orodha ya wagonjwa, majina ya watoto wanaopata ufadhili wa karo, hali za kifamilia: haya si maandishi ya kubebwa ovyo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za afya na za familia ni data nyeti. Taasisi inayozishikilia, zikifikiwa na asiyeruhusiwa kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipofahamu. Kishikwambi kilichosahaulika kwenye matatu ya Lunga Lunga kinaweza kuwa tukio la aina hiyo.

Kabla ya kununua, iulizwe kama kifaa kina nenosiri na kama maandishi yaliyomo yamefichwa kwa namna ambayo aliyekiokota hawezi kuyasoma kwa kukiunganisha na kompyuta. Tableti za Android za miaka ya karibuni huwa na ulinzi huo. Vifaa vya wino hutofautiana sana. Iulizwe pia maandishi huhifadhiwa wapi. Vingi hutuma nakala kwenye mitambo ya kampuni iliyo nje ya nchi, na Sheria hiyo imeweka masharti ya kuhamisha data za watu nje ya Kenya. Asiye na uhakika azime utumaji huo na kuhamisha faili kwa waya.

Kuhusu macho

Wauzaji husema mwanga wa tableti huharibu macho. Chuo cha Madaktari wa Macho cha Marekani kinasema hakuna ushahidi kwamba mwanga wa buluu wa skrini huharibu macho. Uchovu upo, na hutokana zaidi na kukodoa macho muda mrefu bila kupepesa. Ushauri wao ni kwamba kila baada ya dakika 20 mtu atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Anayeona raha zaidi kwenye skrini ya wino ana haki ya kuichagua, lakini asiilipie kama dawa.

Mtihani wa dukani

Kabla ya pesa kutoka, kifaa kitolewe nje ya duka, juani. Lifunguliwe faili halisi la kikundi, si picha za maonyesho: rejista ya michango, ukurasa wa bajeti wenye jedwali, fomu ya mkopo. Aandike katibu mwenyewe, kwa Kiswahili, mistari kumi kwa mwendo wa kikao. Ikiwa kifaa kinadai kugeuza mwandiko kuwa herufi za chapa, kijaribiwe kwa maneno kama “wamekubaliana” na “ng’ombe”, kwani si vyote vinavyoijua lugha hii. Kisha faili litumwe kwa barua pepe au WhatsApp ya mwenyekiti, na mwenyekiti alifungue kwenye simu yake papo hapo.

Risiti iandikwe kwa jina la kikundi, si la katibu. Namba ya kifaa na muda wa waranti viingizwe katika rejista ya mali, na nenosiri lijulikane na maafisa wawili. Katibu akibadilishwa katika uchaguzi ujao, kifaa kikabidhiwe mbele ya wanachama kikiwa na maandishi yote, na akaunti ya aliyetoka iondolewe siku hiyo hiyo.