Je, wanaochekesha wana akili kuliko wengine?

Kila darasa lilikuwa naye. Mwalimu akigeukia ubao tu, yeye anarusha neno moja, watu wanavunjika mbavu. Mwisho wa muhula ripoti inakuja imeandikwa: "Ana utani mwingi, aongeze bidii." Nyumbani nako anasomewa risala, pengine na fimbo juu.

Lakini ule utani ulikuwa dalili ya ujinga kweli? Watafiti waliolipima suala hili wamepata jibu ambalo wazazi na walimu wengi hawalitarajii.

Kichekesho kinahitaji nini?

Chukua mfano huu. Baba mwenye nyumba anampigia mpangaji wake tarehe tano:

"Vipi kodi, mwanangu?"

"Kodi haijambo, baba. Mimi ndiye hali mbaya."

Umecheka? Sasa angalia kilichofanyika hapo. Neno "vipi" linaweza kuwa dai na linaweza kuwa salamu. Mpangaji amezisikia maana zote mbili kwa wakati mmoja, akajua mzee anataka ipi, kisha akajibu ile nyingine. Tena amefanya hivyo ndani ya sekunde moja, huku akipima kama mzee atacheka au atamfungia mlango.

Yaani hapo kuna lugha, kasi ya kufikiri na kumsoma mtu. Zote ni kazi za ubongo.

Utafiti unasemaje?

Mwaka 2011, watafiti Gil Greengross na Geoffrey Miller walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 400 wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, nusu wanawake na nusu wanaume. Kwanza waliwapa majaribio ya akili: mafumbo ya maumbo na maswali ya msamiati. Baadaye wakawapa katuni zisizo na maneno, kila mmoja aandike maneno ya kuchekesha. Majaji waliyapa alama bila kujua nani ameandika nini.

Matokeo? Kwa wastani, waliofanya vizuri kwenye majaribio ya akili ndio walioandika vichekesho vilivyopata alama za juu. Na kilichokuwa na uzito zaidi ni msamiati. Mwenye maneno mengi kichwani ana vifaa vingi vya kuchezea.

Mwaka uliofuata, Greengross na wenzake waliwalinganisha wanafunzi hao na wachekeshaji 31 wanaoishi kwa kazi ya jukwaani. Wachekeshaji waliwazidi kwenye katuni, kama ulivyotarajia. Waliwazidi pia kwenye akili ya lugha.

Hata kuelewa utani kuna akili yake

Huko Vienna, Austria, watafiti waliwaonyesha watu 156 katuni za utani mzito, ule unaogusa kifo na ugonjwa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017. Kundi lililoelewa na kufurahia zaidi utani huo ndilo lililokuwa na alama za juu za akili. Cha kushangaza, ndilo pia lililokuwa na ukali mdogo.

Kwa Tanzania hili si geni sana. Kwenye misiba ya makabila yenye watani, mtani anaweza kuvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Anayefanya hivyo lazima ajue mpaka uko wapi. Akiuvuka, ni ugomvi.

Usianze kujipima kwa "hahaha"

Kama huchekeshi, usijione mjinga. Matokeo haya ni ya wastani, na uhusiano wenyewe si mkubwa kiasi cha kumhukumu mtu mmoja mmoja. Kuna watu wenye akili nyingi ambao wakisimulia kichekesho, kinafia njiani.

Na kuchekewa si kipimo. Mwanasayansi wa Marekani, Robert Provine, aliwahi kusikiliza vicheko zaidi ya 1,000 vya watu kwenye maisha ya kawaida. Vingi havikufuata kichekesho chochote, vilifuata maneno ya kawaida tu kama "haya, tutaonana." Tunacheka ili kuonyesha tuko pamoja. Ndiyo maana utani wa bosi huwa hauachi kuchekesha.

Basi turudi darasani. Utani wa yule mwanafunzi hauthibitishi kwamba ataongoza mtihani, na kuvuruga somo bado ni kosa. Ila anayegeuza neno la mwalimu papo hapo amelisikia, amelielewa, na ameona upande wake wa pili. Mpe kitabu, mpe jukwaa la mdahalo, mpe nafasi ya kuandika. Fimbo itamfundisha kunyamaza tu.