Kwenda Amani kwa Pikapu



Hapa Makorora tumezoea kwamba gari la mizigo ni la kazi tu: kufuata machungwa Muheza, kuleta mchanga, basi. Lakini pikapu yenye foo-wili inaweza pia kutupeleka kuiona nchi yetu. Tuchukue safari ya Amani.

Je, Amani kuna nini? Kuna msitu wa Usambara Mashariki, uliofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Kuna bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ukiendelea mbele, njia za udongo zinakufikisha kwenye mashamba ya chai ya Kwamkoro na Bulwa.

Hadi Muheza ni lami. Baadaye unapita Sigi, unaanza kupanda mlima. Kona ni kali, na mvua ikinyesha udongo huteleza kama sabuni. Kwa hiyo tusiende wakati wa masika, Machi hadi Mei.

Hatari kubwa ni kushuka, si kupanda. Kwa nini? Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto, na mwisho hazishiki. Basi, kabla ya mteremko tia gia ndogo, injini yenyewe ilizuie gari. Usitie nyutro eti unaokoa mafuta!

Tena tusipakie watu juu ya mzigo. Uzito ukiwa juu, gari hupinduka upesi kwenye kona, na aliyekaa juu hana pa kushika. Gari likiharibika, fundi yupo. Mtoto wa jirani hana karakana.